Mkojo wa Mwakilishi wa Usalama

Rauma, 9 Novemba 1997

Dada Sylvi,

Huku Rauma wazima wote isipokuwa paa la sauna. Limeanza kuvuja mahali palepale nilipoziba kiangazi, nikamwambia Marketta halitavuja tena mpaka siku nitakayokufa. Juzi mke wangu aliitazama ndoo iliyojaa maji, akanitazama na mimi, akauliza kama nimeshaandika wosia. Bado anasuka lesi zake na bado hanywi kahawa. Huu ni mwaka wa pili. Ulikuwepo mezani siku tulipotimiza miaka thelathini ya ndoa: yeye aliapa kuacha kahawa, mimi nikaapa kuacha ugoro, na wewe ukasema mwanamke wa Kifini anayeweza kuacha kahawa ni wa kuogopwa. Kila asubuhi anakunywa maji ya moto polepole, kama mtu anayemkumbuka marehemu.

Sasa lililonishikisha kalamu. Kiwandani wameanza kutupima mkojo.

Usicheke, ni mimi niliyedai. Unajua wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao wa usalama kwa sababu nina sauti kubwa na napenda mikutano kuliko kazi. Miaka yote hii nimekuwa nikimsumbua nyapara Rönkkö juu ya matangi. Tunachomelea matangi ya meli za kubebea kemikali, chuma kile kisichoshika kutu, na ukiwa ndani ya tangi moshi hauna pa kwenda ila puani mwako. Moshi huo una kromi na nikeli, na hizo si vitamini. Mwishowe kiwanda kimenunua kofia nane za hewa. Kiunoni unafunga pampu, pampu inavuta hewa kupitia kwenye chujio na kukupulizia usoni ikiwa safi. Watu nane tunazijaribu majira haya ya baridi. Tukionekana tumepona na moshi, mwezi Machi kitakaa kikao na wenzetu ishirini na wawili waliobaki watanunuliwa zao. Hadi sasa wanajifunga vitambaa usoni kama wezi wa benki. Tusipoonekana tumepona, hakuna kofia kwa mtu yeyote.

Na jibu litatoka kwenye mkojo, kwa sababu metali iliyoingia mwilini hutokea huko. Muuguzi wetu mpya, Vieno Salmela, alitueleza kwenye chumba cha kahawa.

"Ijumaa, mwisho wa zamu," alisema. "Unaoga, unavaa nguo safi, unanawa mikono tena, ndipo unaigusa chupa. Vumbi kidogo tu la nguo ya kazi likidondoka humo, maabara itadhani umekunywa meli."

Kalervo, yule ninayechomelea naye tangi moja, akauliza, "Je sista, mtu akishindwa kukojoa kwa amri?"

"Utakaa hapa mpaka uweze. Nina kitabu."

Mimi nilikuwa wa kwanza. Niliikabidhi chupa yangu kama nahodha anayekabidhi kombe, na mbele ya wote nikasema mkojo wa mwakilishi ndio utakaokuwa safi kuliko yote. Yaweke maneno hayo, nitapenda kuyakumbushwa.

Soksi zimefika kwa basi la Kauppi, zote kumi. Ahsante sana. Endelea kuniandikia kwa anwani ya kiwandani, maana nyumbani posta huchelewa.

Mdogo wako,
Taisto


Haaparanta, 30 Novemba 1997

Mdogo wangu Taisto,

Nimeisoma barua yako jikoni shuleni, na viazi vya watoto mia mbili vimeshika chini ya sufuria kwa sababu yako. Goti langu haliko vibaya kuliko mwaka jana. Mto umeganda, naweza kuvuka kwa miguu hadi Tornio, niondoke Uswidi saa nne na kufika Ufini saa tano na dakika chache, maana saa zenu ziko mbele kwa moja, nikiwa nimezeeka saa nzima bila faida. Theluji imefika madirishani. Kuna jirani ananiondolea ya mlangoni.

Nimefurahi juu ya kofia. Baba alichomelea maisha yake yote bila kofia ya aina yoyote ila ile ya kanisani, na unakumbuka alivyokuwa akikohoa.

Sasa nikuambie. Posta ya Rauma haichelewi. Kinachochelewa nyumbani kwako ni ukweli, lakini nitasema nini mimi, wakati hizo soksi nazinunua mwenyewe? Dereva Kauppi ameniuliza mbona soksi za mdogo wangu zinagongana kama vikopo. Nikamwambia ni sufu ngumu. Akasema, "Mama Sylvi, hiyo sufu inanukia ugoro mpaka kiti cha nyuma." Upande wetu wa mto ugoro uko dukani, rafu moja na maziwa. Upande wenu ni marufuku kuuuza. Kwa hiyo mimi, mpishi wa shule, mjane, mwimbaji wa kwaya, nimekuwa mlanguzi kwa ajili ya mdomo wako wa juu.

Jumapili Marketta alinipigia simu. Aliniuliza kama kweli uliacha. Nilimwambia huku kuna baridi kali. Akasema hata huko kwenu kuna baridi. Sikuipenda simu ile.

Niandikie matokeo yakitoka. Nakutakia mkojo mwema.

Dada yako,
Sylvi


Rauma, 18 Januari 1998

Dada,

Nimechelewa. Ningeweza kusingizia Krismasi, na kwa kweli Krismasi ilikuwa ndefu: nyama ya paja, viazi vitamu vya kuoka, halafu paa la sauna likatuangukia kipande tukiwa ndani. Nimeliziba tena. Safari hii sijasema kitu.

Huyo jirani wa theluji ana jina?

Matokeo yalitoka kabla ya sikukuu. Vieno alitusomea mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Wenzangu saba wako chini vizuri, karibu na watu wasiochomelea kabisa. Kalervo, anayefuga vumbi kama wengine wanavyofuga mbwa, yuko chini. Aliyebaki juu ni mmoja, mara tatu ya Kalervo, juu kama mtu anayechomelea bila kofia. Nadhani umeshajua ni nani aliyekabidhi kombe.

Nilimwambia Vieno chupa ilikuwa chafu. Akasema zote huoshwa kwa asidi. Nikasema labda nguo. Akasema aliniona natoka bafuni na suruali ya Jumapili. Nikasema labda ni maji ya bafu. Akaandika "maji ya bafu", akapima maji ya bafu. Ni maji tu.

Basi tukarudia, Ijumaa ya kwanza baada ya sikukuu. Nilioga mara mbili. Nilijisugua kucha kwa brashi ya viatu mpaka Marketta akauliza kama nina mwanamke mwingine. Matokeo ni yaleyale, yamepanda kidogo.

Vieno hakati tamaa. Alinifunga kijimrija ndani ya kofia, karibu na mdomo, kupima hewa ninayovuta zamu nzima. Hewa ni safi, safi kuliko ya ofisini kwa Rönkkö. Kwa hiyo kofia inafanya kazi na mkojo unasema haifanyi. Sista wa watu alikaa na kalamu mdomoni, akaanza kuuliza. Nakula wapi? Kwenye chumba cha kahawa, mikono safi. Navuta sigara? Sivuti, sijawahi. Tumbaku yoyote nyingine?

Nikamwambia niliapa kuacha miaka miwili iliyopita. Hilo ni kweli kabisa, Dada. Niliapa.

Rönkkö ana furaha kama mtu aliyerudishiwa kodi. Jana alinipita kwenye ngazi za tangi akasema, "Taisto, kofia yako hiyo, labda uivae kichwani." Anasema kama mwakilishi mwenyewe anapumua nikeli akiwa ndani ya kofia ya kisasa, hao ishirini na wawili wabaki na vitambaa vyao, angalau vitambaa havihitaji betri. Na wenzangu wameanza kunitazama. Mzee Urho, ambaye yuko kwenye orodha ya wanaosubiri kofia na anakohoa kama Baba, amenipa ndimu.

Vikopo, yaani soksi, zimebaki mbili.

Taisto


Haaparanta, 8 Februari 1998

Mdogo wangu,

Pole na matokeo. Pole zaidi na Urho, ndimu ile imeniuma mimi niliye mbali.

Goti limenisumbua wiki nzima, nilianguka kwenye ngazi za shule na sufuria ya uji. Watoto walipiga makofi. Jirani alinipeleka kwa daktari. Ndiyo, ana jina, watu wengi wana majina.

Nimekutumia kifurushi kwa Kauppi. Soksi jozi nne. Ukizipapasa usishangae, safari hii soksi ni soksi. Ugoro umeisha dukani.

Swali moja tu, jibu ukipenda. Ukiwa ndani ya tangi na hamu ikikushika, unafanyaje?

Marketta amepiga simu tena. Tuliongea juu ya lesi.

Sylvi


Rauma, 8 Machi 1998

Dada mpendwa,

Ugoro kuisha katika duka la Uswidi ni habari ya kupeleka redioni. Nilitembea na redio wiki tatu nikingoja kusikia.

Soksi zinapasha miguu. Marketta alizipokea yeye mwenyewe safari hii, Kauppi alizileta nyumbani, sijui nani alimtuma. Alizipapasa moja moja, akazikunja, akasema, "Dada yako anakupenda."

Umeniuliza nafanyaje ndani ya tangi. Nachomelea. Mshono ukiisha naanza mwingine. Hali ya hewa ni nzuri kwa Machi, barafu ya ghuba bado inabeba mtu, nimevua sangara wawili wadogo, nikamrudisha mmoja kwa huruma na mwingine akarudi mwenyewe.

Kwa wiki tatu hizo nilikuwa mtu mbaya kuishi naye. Nilimfokea Kalervo kwa sababu anapumua. Nilichomelea ngazi yangu mwenyewe kwenye ukuta wa tangi nikakaa juu yake nikishangaa mbona haisogei. Katikati ya hayo Vieno akachukua mkojo wangu mara ya tatu.

Umeshuka. Niko sawa na Kalervo.

Unadhani nilishangilia? Na mimi nilidhani. Lakini Rönkkö alipoona karatasi alicheka mpaka akakaa. Anasema kofia ni ileile, tangi ni lilelile, mtu ni yuleyule, na mkojo unapanda na kushuka kama lifti, basi kipimo hiki ni ramli. Au si ramli, sista alichanganya chupa. Hilo la pili amelipeleka ofisini kwa maandishi. Vieno ana miezi sita tu hapa, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Ameniita mara tatu kuniuliza: "Taisto, kuna kitu kimebadilika. Ni nini?" Nimemwambia labda baridi imepungua. Aliniandika. Anaandika kila kitu, yule mwanamke, kwa mwandiko mzuri.

Kikao ni tarehe ishirini na saba. Rönkkö atapendekeza mpango wa kofia ufe.

Hivi dukani kwenu hawajaleta bado?

Taisto


Haaparanta, 15 Machi 1998

Taisto,

Leo sina salamu ndefu. Hatujambo.

Ugoro haukuisha. Niliacha kuununua, na Kauppi ni mimi niliyemwambia apeleke kifurushi nyumbani. Nilitaka kuona kitakachotokea kwako ukikaa bila. Sasa umeniandikia mwenyewe kilichotokea, na bado unaniambia baridi imepungua.

Nimekaa jikoni na watu wengi. Msichana akilamba kidole mara moja tu kati ya nyama mbichi na mkate, watoto arobaini wanalala chooni. Hakuna aliyevuta chochote puani. Wewe unavua glavu ndani ya tangi, unafunua kofia yako ya kisasa, unachota ugoro kwa vidole, unauviringisha, unaubandika chini ya mdomo, unafunika tena. Nimekuona ukifanya hivyo kwenye boti, kwenye sauna, na kwenye maziko ya Baba. Utakuwa hufanyi kazini?

Kiangazi ulipokuja ulitoka moja kwa moja zamuni, ukasahau kikopo chako kwenye dirisha la jikoni. Mfuniko una alama ya dole gumba lako. Ni nyeusi. Nimeisugua kwa sabuni ya sufuria, haitoki. Nilichungulia ndani, ugoro uliobaki unameta kidogo kwenye mwanga, na ugoro haumeti.

Kikopo hicho kimo kwenye kifurushi hiki, ndani ya soksi ya kushoto. Nimekituma kiwandani, si nyumbani. Atakayekiona baada yako utamchagua wewe.

Ishirini na wawili, Taisto. Na binti wa watu aliyekuja na kitabu chake. Na Urho.

Mimi pia nina langu. Nimemdanganya Marketta mara mbili kwa simu, na nimelisafirisha hilo balaa kwa basi nikijiambia ni upendo wa dada. Kwa hiyo usidhani naandika nikiwa juu ya ngazi. Niko chini na wewe, goti bovu na yote.

Sylvi


Rauma, 19 Aprili 1998

Dada,

Mwezi mzima. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na aibu, za pili nilikuwa na kazi ya ufundi bomba, ambayo nitaieleza.

Kifurushi kilifika siku tatu kabla ya kikao. Nilikitoa kikopo kwenye soksi, nikakitazama, nikakirudisha kwenye soksi, nikaiweka soksi kwenye kabati la vifaa vya huduma ya kwanza, mahali ambapo hakuna mtu kiwandani anayefungua. Nilikuwa na mpango. Mpango ulikuwa kwamba Vieno angesema kitu cha kisayansi, Rönkkö angeshindwa, nami nisingelazimika kufungua mdomo. Unajua nilivyo hodari wa mipango, umeliona paa.

Tulikaa kwenye chumba cha kahawa, watu thelathini na wa ofisini wawili. Rönkkö aliweka mikono juu ya tumbo.

"Mara mbili yuko juu, mara ya tatu yuko chini," alisema. "Ama kofia hazifai, ama sista alichanganya chupa. Vyovyote, mimi sinunui ramli."

"Sikuchanganya chupa," akasema Vieno. Hakupandisha sauti. "Kuna kitu kilibadilika mwezi wa pili. Nimemuuliza mwenyewe mara tatu."

"Na mwenyewe anasema nini?"

"Anasema baridi ilipungua."

Watu wakanigeukia. Urho akakohoa, si kwa makusudi, yeye hukohoa tu. Nikasimama. Nilikuwa na hotuba juu ya haki ya mfanyakazi kupata hewa, nzuri sana, nikaitoa sentensi moja na nusu. Halafu nikaenda kwenye kabati la huduma ya kwanza, nikatoa soksi, nikaikung'uta juu ya meza.

Kalervo ndiye wa kwanza kuongea. "Hicho si kikopo cha ugoro?"

"Ndicho."

"We si uliacha?"

"Niliacha kusema."

Nikawaeleza. Kwamba sitaki vile vifuko vidogo vya vijana, nataka ugoro wa kuviringisha kama Baba. Kwamba kila mshono ukiisha navua glavu palepale tangini, nafunua kofia, naviringisha kwa vidole vitatu, nabandika, nafunika, na pampu inaendelea kunipulizia hewa safi usoni kama mfalme. Kofia ililinda pua yangu barabara. Mdomo nilikuwa naulisha metali kwa mkono wangu mwenyewe. Na mwezi wa pili nilikosa ugoro, ndiyo maana nilishuka. Kipimo hakijakosea hata mara moja, aliyekosea ni chupa yenye miguu.

Halafu Kalervo, mshenzi yule, "Jamani! Tumepigania moshi miaka yote hii, kumbe mwakilishi wetu anakula tangi!"

Walicheka mpaka vikombe vikatetemeka. Mzee Urho alicheka mpaka akahitaji ndimu yake. Vieno hakucheka. Alikivuta kikopo kwa karatasi, akatazama alama ya dole, akauliza, "Wengine wanaotumia ni wangapi?"

Kwanza hakuna. Halafu mikono minne ikapanda. Wao hutumia vifuko na hutoka kwanza nje ya tangi, ndiyo sababu mikojo yao ni ya heshima. Halafu, mwisho wa meza, mkono wa tano ukapanda taratibu kama bendera siku isiyo na upepo. Rönkkö.

"Lakini mimi sichomelei," akasema.

"Basi ushushe," akasema Vieno, "ila ukanawe."

Kofia ishirini na mbili zimekubaliwa, na barua ya Rönkkö juu ya chupa imerudishwa kwake. Vieno alituma kikopo maabara. Wamemjibu kwamba wanaomba wabaki nacho, wawaonyeshe wanafunzi. Na sasa chini ya ngazi za kila tangi kuna sinki, maji ya moto na sabuni. Mabomba yake nimeyafunga mimi kwa siku zangu za mapumziko, ndiyo kazi niliyokuambia. Juu ya sinki la kwanza mtu ameandika kwa chokaa: TAISTO ANAWE HAPA. Nimefuta mara mbili. Linarudi.

Sasa nyumbani. Nilikuwa nimepanga kumwambia Marketta mwenyewe, polepole, baada ya sauna. Lakini alipitia sokoni kununua samaki, na mbele yake kwenye foleni alikuwepo mke wa Kalervo.

Nilimkuta jikoni. Alishusha birika ya kahawa, ile tuliyoifungia kabatini, akaisuuza, akapima kahawa vijiko, akaongeza kimoja. Akangoja ichemke. Akajimiminia, akakaa mbele yangu, akanywa kikombe cha kwanza akiwa amefumba macho. Akanywa cha pili. Cha tatu alikinywa akinitazama.

"Miaka miwili, Taisto," akasema.

Nikasema najua.

"Hujui. Ungejua ungekuwa na kiu."

Usiku huo alilala chumba cha wageni na birika. Siku ya tatu akanisemesha, na nilifurahi mpaka niliposikia alichosema. Alikuwa amempigia simu Vieno. Vieno amemwambia kwamba mkojo huonyesha nikeli, na kromi, na pia ugoro, tena ugoro ndio rahisi kuuona kuliko vyote.

Kwa hiyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi natoa chupa mbili. Ya kwanza naitoa kiwandani. Ya pili naitoa nyumbani, na Vieno anaipeleka kama hisani, kati ya wanawake wawili, nje ya kazi. Mwezi huu nilisimama bafuni, mkojo hautoki. Nikamwambia Marketta kupitia mlangoni kwamba siwezi kwa amri.

"Utakaa humo mpaka uweze," akasema. "Nina lesi."

Nilikaa. Nilisikia vijiti vyake vya lesi vikigongana taratibu upande wa pili wa mlango, na harufu ya kahawa yake ikipita chini. Sijaonja ugoro tangu mwezi wa pili, Dada, na sikuombi uniamini, nimekwisha kukuapia vya kutosha. Chupa itakuambia. Nimekuwa mtu ambaye mkojo wake una heshima kuliko neno lake, na kwa mwakilishi aliyechaguliwa kwa sababu ya sauti, hiyo ni adhabu yenye vipimo sahihi.

Huyo jirani bado hujamtaja.

Mdogo wako,
Taisto


Haaparanta, 10 Mei 1998

Mdogo wangu,

Barafu ya mto ilipasuka usiku wa juzi kwa kishindo, sasa siwezi tena kuvuka kwa miguu na kuzeeka saa nzima. Goti linapona. Watoto wanauliza kama nitaanguka tena na uji kabla ya likizo.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa Folke. Hilo ndilo jina lake. Ananiondolea theluji miaka mitatu, na mwaka huu imeisha lakini bado anakuja. Sikukuambia kwa sababu ungecheka. Haya, cheka, una ruhusa mpaka mwezi wa sita, halafu tunakuja Rauma wawili na nitakuomba uwe umemaliza. Folke anajua kuezeka paa.

Marketta nimempigia mimi safari hii. Nilimwambia kila kitu, vikopo vyote, basi lote. Akauliza kipimo changu cha kahawa ni vijiko vingapi kwa birika. Nadhani nimesamehewa, au nitasamehewa.

Kifurushi kiko kwa Kauppi. Kina soksi jozi mbili, nimezifuma mwenyewe. Ni soksi tu. Usipoamini, zipeleke maabara.

Humo pia kuna pakiti ya kahawa. Hiyo ni ya Marketta. Usiitie mkono kabla hujanawa.

Dada yako,
Sylvi